Wekundu wa Soda ya Theluji

Zuleha binti Alawi aliligonga kopo la rangi ukingoni mwa pipa, akalikwangua kwa kijiko, kisha akamimina maji ya moto ndani yake na kulitikisa ili hata ungaunga ulioganda kwenye pembe utoke. Maji yakatoka mekundu. Akayatia kwenye shira, akakoroga, akalitazama kopo likiwa jeupe ndani kama sahani iliyooshwa. Lilikuwa la mwisho. Stoo hapakuwa na jingine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, chungu cha tano cha Ramadhani ya mwaka themanini na mbili, na Ramadhani hiyo iliangukia kwenye baridi ya Juni, wakati mlima haujionyeshi wiki nzima na Moshi yote inavaa masweta. Kiwanda cha Soda ya Theluji kilikuwa kidogo, watu thelathini na wanane tu, nyuma ya karakana za reli. Kilitengeneza soda za aina mbili: nyeupe ya ndimu na nyekundu. Lakini kwa watu wa Moshi Theluji ilikuwa ile nyekundu. Ndiyo iliyopandishwa Old Moshi kwenye arusi, ndiyo iliyoagizwa Bomang'ombe siku za gulio, ndiyo waliyopewa watoto wakitoka kupata kipaimara. Nyeupe waliinywa walioikosa nyekundu.

Zuleha alikuwa na miaka thelathini na sita. Aliingia kiwandani akiwa msichana wa kupanga kreti, akapanda mpaka chumba cha shira, akafundishwa na mzee mmoja mkemia ambaye baadaye alihamia ng'ambo na kumwachia daftari la vipimo. Tangu hapo kila tone la soda nyekundu lililonywewa Kilimanjaro lilipitia mikononi mwake. Wenzake walimwita Mama Shira.

Mchana ule Meneja Wenseslaus aliwakusanya wote uwanjani. Alikuwa mtu wa Kilema, mrefu, mtaratibu, asiyependa kupaza sauti. Siku hiyo alishika barua kutoka Dar es Salaam kama mtu aliyeshika cheti cha hospitali.

"Ndugu zangu," alisema, "fedha za kigeni hakuna. Wamesema kwanza dawa, kwanza vipuri vya matrekta. Na mimi siwezi kusimama mbele ya mtu nikamwambia rangi ya soda ije kabla ya kwinini. Shira iliyopo itatutosha wiki hii. Baada ya hapo tutafunga mitambo, mtakaa nyumbani mpaka rangi ipatikane."

"Mpaka lini, Ndugu Meneja?" aliuliza Ambrosi, fundi wa mitambo, kijana wa Uru mwenye mabega mapana na ulimi usiotulia.

"Sijui, Ambrosi. Ningejua ningesema."

Ambrosi hakukubali kirahisi. Alishauri waiuze bila rangi, kwani ladha si ni ile ile? Wakajaribu kreti moja, wakaipeleka duka lililotazamana na stendi ya mabasi. Kabla ya saa kumi mwenye duka alikuwa amerudi nayo kwa miguu, kreti begani, amekasirika. "Wateja wananiuliza kama mmesahau kutia soda," alisema, akaibwaga mlangoni.

Siku iliyofuata akaja mtu mwingine, amevaa koti refu, akamwomba meneja wazungumze faragha. Alikuwa na unga mwekundu ndani ya mfuko wa nailoni, akasema umevushwa mpaka kutoka Taveta na anao mwingi. Wenseslaus, kwa jinsi alivyobanwa, alimwita Zuleha aukague. Zuleha aliulowesha kidogo kwa kidole, akausugua kwenye kiganja, akaenda bombani kunawa kwa sabuni. Wekundu haukutoka. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa Pangani, msukaji wa mikeka, na Zuleha alikuwa amekulia kati ya masufuria ya kutilia ukili rangi.

"Hii ni rangi ya mikeka, Ndugu Meneja," alisema, akimwonyesha kiganja. "Ukimnywesha mtu hii, utamkuta kesho yake wodini."

Yule mtu alikunja mfuko wake akaondoka bila kuaga. Wenseslaus aliweka mikono juu ya meza. "Basi tufunge," alisema.

Zuleha alirudi kwao Majengo jioni ile na chupa mbili za soda isiyo na rangi, zile zilizorudishwa na mwenye duka, maana hakuna aliyezitaka. Mama yake, Bi Shida, alikuwa ameshatandika mkeka na kupanga futari: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi. Pembeni palikuwa na jagi la kioo lililojaa maji mekundu.

"Nini hicho, mama?"

"Rosela. Kaletewa jirani kutoka Kahe, kanigawia konzi moja. Nimeichemsha, nimetia sukari kidogo."

Zuleha aliijua rosela. Nani asiyeijua? Mmea mdogo wa huko tambarare, ua lake likianguka linaacha kikombe kinene chekundu, watu wanakianika, wanakichemsha, wanakunywa. Alishawahi kuinywa mara mia. Lakini jua la magharibi lilikuwa limepenya chini ya mawingu kwa mara ya kwanza siku hiyo, likaingia mlangoni na kulipiga lile jagi, na kwenye mkeka mweupe pakatokea doa jekundu linalotetemeka.

Adhana ikalia. Bi Shida akafungua kwa tende, akammiminia binti yake glasi. Zuleha akameza tende, akaiinua ile glasi, lakini hakuipeleka kinywani. Aliishikilia mbele ya mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Kunywa, mwanangu! Umeshinda na kiu kutwa, sasa unaitazama?"

"Mama, ndimu ipo?"

"Ipo pale. Ya nini?"

Zuleha aliikamulia ndimu ndani ya glasi. Wekundu ule uliokuwa umetulia ukashtuka, ukang'aa, ukawa kama kaa la moto lililopulizwa. Na soda ina nini ndani yake kama si ukali uleule wa ndimu? Moyo ulianza kumdunda. Alinyanyuka, akaifungua chupa moja ya ile soda isiyo na rangi kwa meno, jambo ambalo mama yake alikuwa amemkataza tangu utotoni, akatia vijiko viwili vya rosela, akaziba kwa kidole gumba na kuipindua taratibu.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, tazama! Mama, ni yenyewe!"

Povu lilimrukia mpaka kwenye ushungi. Jirani akachungulia dirishani akidhani kuna nyoka. Zuleha alikuwa amesimama katikati ya futari, chupa nyekundu mkononi, akicheka kama mtoto. Kisha akainywa, yote, bila kupumua. Uchachu wa rosela ulikuwa umejificha nyuma ya utamu, unaonekana kidogo tu mwishoni, kama mtu anayekukonyeza.

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Alikuwa amebeba rosela kwenye chupa ya chai. Alipomaliza kuichanganya na shira isiyotiwa rangi alimwita Ambrosi, kwa kuwa yeye mwenyewe amefunga na asingeweza kuonja.

Ambrosi alikunywa funda moja, akafumba macho, akanywa la pili. "Dada Zuleha," alisema, "umeipata wapi rangi?"

"Sema kwanza ladha."

"Ni ile ile. Hapana, ngoja." Akanywa tena. "Ile ya zamani ilikuwa tamu basi. Hii inakuita urudi."

Meneja Wenseslaus hakufurahi haraka. Aliiweka chupa mpya dirishani karibu na chupa ya wiki iliyopita, akazitazama kutoka mbali, akazitazama kutoka karibu, akavaa miwani, akavua. Ile mpya ilikuwa imeiva kidogo zaidi. Ungeambiwa uchague, ungeichagua.

"Hii chupa moja," alisema hatimaye. "Pipa letu ni lita elfu. Rosela ya kujaza pipa utaipata wapi?"

"Kahe, Ndugu Meneja. Nitakwenda leo."

"Gari halina petroli."

"Treni ipo."

Wenseslaus alimtazama yule mwanamke aliyesimama mbele yake, midomo imekauka kwa funga, macho yanawaka. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye mhuri wa kiwanda, akaandika kibali cha safari. "Sitawaambia watu kitu mpaka urudi," alisema. "Sitaki wafurahi bure."

Baba yake Zuleha, marehemu, alikuwa mfanyakazi wa reli, na Zuleha alishuka stesheni ya Kahe akijua pa kuulizia. Huku chini hapakuwa na baridi. Joto lilimpiga usoni, mifereji ilijaa maji, mpunga umesimama kijani. Na alipofuata njia aliyoelekezwa alianza kuiona: rosela pembeni mwa mahindi, rosela kwenye ukingo wa mfereji, rosela mbele ya nyumba, mashina mekundu na vikombe vyekundu vimejaa kama taa ndogondogo. Alijikuta anatembea haraka, karibu kukimbia.

Mwenye nyumba aliyoelekezwa aliitwa Mama Ndelilio. Alikuwa mjane wa makamo, mweusi, mkavu, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, akitoa mbegu za rosela kwa kijiti. Nyuma yake mikeka mitatu ilikuwa imeanikwa vikombe vilivyokauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatoka mjini wewe, viatu vyako vinasema."

Zuleha alieleza. Alieleza haraka mno, mpaka ikabidi aanze upya. Mama Ndelilio hakuacha kazi yake mpaka aliposikia neno soda. Hapo kijiti kikasimama.

"Soda ya chupa? Ile yenye kizibo?"

"Ile ile, mama."

"Hii yangu, ninayowapa watoto wakiwa na mafua, iingie kwenye kizibo?"

"Ndiyo."

Mama Ndelilio alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye kanga. "Nina magunia mawili ndani," alisema. "Lakini hapa kijijini kila mama anayo. Tunapanda, tunakunywa, nyingine inaoza, maana nani wa kuinunua? Kaa hapa." Akatoka mpaka njiani, akaweka viganja kinywani na kuita kwa Kikahe, sauti ikavuka mfereji. Muda si muda wakaanza kutokea, wanawake watano, kumi, kumi na wanne, wenye majembe, wenye watoto mgongoni. Mama Ndelilio aliwapa habari kwa maneno machache, na ghafla wote wakawa wanazungumza kwa pamoja. Mmoja alipiga kigelegele. Mwingine alikuwa ameshageuka anakimbilia kwake kwenda kutazama gunia lake kama panya hawajaligusa.

Yalipatikana magunia kumi na moja ya rosela kavu, safi, inayonukia kama matunda. Wanaume wa kijiji waliyasomba kwa mkokoteni hadi stesheni siku iliyofuata. Mama Ndelilio naye alipanda treni, amevaa gauni la kanisani.

"Wewe unakwenda wapi, mama?" aliuliza karani wa stesheni.

"Siwezi kuacha mali yetu iende peke yake kwa watu nisiowajua," alijibu, na akakaa juu ya gunia.

Bwana afya wa mkoa alipelekewa vikombe viwili, cha rosela kavu na cha maji yake. Akacheka. "Hii mama yangu ananipikia," alisema, lakini alipima kama sheria ilivyotaka, akaandika kwamba haina ubaya. Jumatatu asubuhi Wenseslaus aliwakusanya watu tena uwanjani, na safari hii alipaza sauti.

Kelele zilizoibuka ziliwafanya watu wa karakana ya reli watoke nje. Kila mtu alitaka kufanya kitu. Waliochemsha walichemsha, waliochuja walichuja kwa kitambaa cha marekani, mara mbili, mpaka maji yakawa safi kama divai ya altare. Mama Ndelilio alisimama juu ya kisanduku karibu na pipa na kutoa amri kana kwamba kiwanda ni chake. "Msiichemshe sana! Ikichemka sana inakuwa kahawia! Toa moto, toa!" Na moto ukatolewa.

Saa nne kasorobo Ambrosi alivuta mkono wa mtambo. Mkanda ukaanza kwenda, chupa zikagongana, gesi ikafoka, vizibo vikaanguka tap, tap, tap, na kutoka upande wa pili zikaanza kuja, moja moja, nyekundu. Nyekundu zaidi ya zilivyowahi kuwa. Zuleha alisimama pale zinapotokea, mikono imeshika mashavu. Mtu akaanzisha wimbo. Mama Ndelilio alikuwa ameshuka kisandukuni na kucheza peke yake kati ya makreti.

Zilipokwisha kujazwa kreti arobaini, Zuleha alisikia wimbo unapungua. Ulianza kufa upande wa wapangaji, ukafuata hadi kwenye mkanda. Akageuka. Mpangaji mmoja alikuwa ameinua chupa juu ya mwanga. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa zambarau, zambarau iliyochujuka, kama nguo iliyofuliwa vibaya. Alipoiweka chini akainua nyingine: nyekundu. Nyingine: nyekundu. Nyingine: karibu na bluu ya wino.

"Simamisha!" alisema Wenseslaus.

 Walizitoa chupa zote kwenye kreti, wakazipanga sakafuni na kuzitenga. Katika kila kumi, kama mbili zilikuwa zimeharibika. Meneja alichukua moja ya bluu, akaitazama.

"Zuleha," alisema polepole, "siwezi kuwauzia watu wino."

"Pengine kuna gunia limeoza," alisema mtu nyuma.

"Gunia lipi?" Mama Ndelilio aligeuka. "Sema, lipi? Nimelikagua kila moja kwa mikono hii!"

Zuleha hakuwasikia. Alikuwa amechuchumaa kati ya chupa. Pipa lilikuwa moja. Shira ilikuwa moja. Gunia bovu lingeharibu pipa zima, lisingechagua chupa hii likaiacha ile. Basi tofauti haiko ndani ya shira. Iko ndani ya chupa. Na akakumbuka kitu kidogo kabisa, cha nyumbani: ile jioni povu lilipomrukia kwenye ushungi, aliufua kwa sabuni ya mche, na yale madoa mekundu yakawa ya bluu mbele ya macho yake kabla hayajatoka.

"Ambrosi," alisema. "Niletee chupa tupu. Zilizotoka kuoshwa sasa hivi, kabla hazijajazwa. Ishirini. Na uzipange kama zinavyotoka kwenye mashine."

Ambrosi alizileta mbio. Chupa kiwandani zilioshwa kwa dawa kali waliyoiita kostiki, inayokula uchafu wote, kisha zikasuuzwa kwa maji safi yanayorushwa na vijibomba kumi vilivyopangwa mstari. Zuleha alichukua rosela ambayo bado haijatiwa shira, akadondosha matone machache ndani ya kila chupa, akitikisa. Watu wote walikuwa wamemzunguka sasa, hata mlinzi wa getini. Ya kwanza, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu. Ya nne ikageuka kijani-bluu mara tu tone lilipogusa chini.

Mtu alivuta pumzi.

Ya tano, nyekundu. Ya sita, nyekundu. Ya saba, bluu. Akaendelea. Ya kumi na nne, bluu. Ya kumi na saba, bluu.

"Ya nne na ya saba!" Ambrosi alipiga kelele. "Kila safu, ya nne na ya saba! Ni vijibomba!" Akaruka juu ya mkanda, akafungua kifuniko cha mashine ya kuoshea, akaingiza mkono hadi begani. Alipoutoa alishika kijibomba kilichozibwa kabisa na magamba ya chokaa na vipande vya karatasi. Cha pili kilikuwa vilevile. Maji safi yalikuwa hayapiti. Chupa zilitoka zimeoshwa kwa kostiki na hazikusuuzwa.

Wenseslaus alisogea. Alikichukua kile kijibomba, akakigeuza. Ilimchukua muda kuelewa maana yake yote, na Zuleha aliona wakati ambapo alielewa, kwa sababu alikaa chini juu ya kreti.

"Hiki hakikuziba leo," alisema.

"Hapana, Ndugu Meneja," alisema Ambrosi kwa sauti ndogo. "Haya magamba ni ya miezi."

"Nina barua tatu ofisini. Mwalimu mmoja wa Old Moshi, na watu wawili wa Bomang'ombe. Wanasema soda yetu mara nyingine ina ladha ya sabuni, inawasha koo. Niliwajibu kwamba wameihifadhi vibaya." Alivua miwani. "Ile rangi ya kopo haikutuambia kitu. Ingekuwa nyekundu hata ukiitia kwenye sabuni yenyewe."

 Mama Ndelilio ndiye aliyesogea, akamgusa begani kama anavyogusa mtu mzima mwenzake aliyefiwa. "Sasa umeambiwa, baba," alisema. "Tengeneza."

Wakatengeneza. Kreti zote arobaini zilimwagwa, hata zile nyekundu, kwa amri ya meneja mwenyewe, na watu walisimama wakiutazama mtaro wa kiwanda ukipita mwekundu na zambarau bila kunung'unika. Soda ya wiki iliyopita iliyokuwa bado madukani ilirudishwa yote, petroli iliyokopwa ikaishia kwenye kazi hiyo. Wenseslaus aliwaandikia upya wale watu watatu, safari hii kwa mkono, akaomba radhi. Ambrosi alishinda siku mbili ndani ya mashine, akatoka ana magamba nyweleni, na vijibomba vyote kumi vinarusha maji mpaka darini. Na Zuleha aliweka utaratibu mpya: kila asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, chupa ishirini zinapimwa kwa matone ya rosela. Zote zikibaki nyekundu, kazi inaanza. Moja ikibadilika, hakuna kazi.

Alhamisi mkanda ulikwenda tena. Hakuna aliyeimba safari hii. Walisimama wote wakihesabu kimya, macho kwenye vizibo, kreti ya kwanza, ya kumi, ya arobaini. Ya hamsini ilipopita nyekundu tupu, mpangaji yule aliyeinua chupa ya zambarau siku ile aliinua nyingine juu ya mwanga, akaibusu. Kelele zilizopigwa zilikuwa mara mbili ya zile za kwanza. Ambrosi alimbeba Zuleha juu juu, Zuleha akimpiga mgongoni na kumwambia amteremshe, amefunga, atamtapisha. Meneja Wenseslaus, mtaratibu yule, alionekana akicheza na Mama Ndelilio, vibaya sana, akikanyaga miguu yake mwenyewe.

"Aika, mama," alimwambia akihema, akimshukuru kwa lugha ya nyumbani. "Aika mno."

Soda ilitoka kwa sikukuu ya Idd kwa malori mawili ya kuazima. Haikukosa kasoro zake. Madukani waliambiwa waiweke kivulini, kwa kuwa rosela ikichomwa na jua siku nyingi inachujuka, na duka moja la Bomang'ombe lililozipanga dirishani lilijikuta na soda ya rangi ya waridi ndani ya juma moja. Mwenye duka alizirudisha akilalamika, akabadilishiwa, akaondoka na kreti tatu zaidi ya alizokuja nazo. Kwa wengine hapakuwa na muda wa kuchujuka. Siku ya pili ya Idd Majengo ilikuwa imeishiwa soda, watu wanapigana vikumbo getini kwa kiwanda wakiulizia Theluji mpya, na wala hakuna aliyewatangazia kuwa ni mpya. Waliionja tu.

Rangi ya ng'ambo ilifika mwezi wa Novemba, makopo sita ndani ya sanduku la mbao. Karani wa stoo alisaini kuipokea, akamwuliza meneja aiweke wapi.

"Mwulize Mama Shira," alisema Wenseslaus bila kuinua kichwa.

Zuleha alilishika kopo moja, akalisoma pande zote, akalirudisha. Mezani kwake kulikuwa na barua ya Mama Ndelilio, imeandikwa na mwanawe, inayosema serikali ya kijiji imewapa akina mama ekari kumi na mbili kando ya mfereji mkuu, na inauliza kiwanda kitaleta watu wangapi siku ya kupanda.

"Weka popote," alimwambia karani, akichukua kalamu. "Mimi nahesabu majembe."

Walishuka Kahe watu thelathini na watatu, mwezi Machi, behewa zima, wakiimba tangu Moshi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia. Akina mama walikuwa wameshachimba mistari. Ambrosi alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Wenseslaus alisita kidogo ukingoni mwa mfereji, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia.

"Mbegu ngapi kila shimo?" aliuliza.

"Tatu, baba, tatu!" Mama Ndelilio alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa shamba. "Na usiizike kama maiti, ifunike kidogo tu!"

Zuleha alijaza kanga mbegu, akafunga pindo kiunoni, akainama kwenye mstari wake.